Huamini tena na bado unaishi parseli (kiwanja cha nyumba) ya baba: namna ya kufanya

Kama akili yako imeshatoka kanisani lakini sufuria ya mama ndiyo ingali inakulisha, na kila Jumapili asubuhi unagongewa mlango ukijifanya umelala, haya ni yako. Mimi ni binti wa kwanza katika nyumba ya Wakatoliki wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, mji wa Katanga kusini mwa Kongo (RDC). Nafanya kazi ya maabara: nasaga mawe ya shaba na kobalti, napima, naandika nilichokipata. Kuhusu Mungu sikupata kitu ninachoweza kukiandika, na wazazi wangu wanalijua hilo kwa kinywa changu mwenyewe. Bado nakula nao. Wadogo zangu bado wananiita yaya, yaani dada mkubwa, na baba akishindwa kufika kwenye kikao cha ukoo ananituma mimi.

Hali hiyo haikuja yenyewe. Nawaona vijana wengi, wenye akili na wenye moyo mzuri, wakidanganya wazazi miaka na miaka mpaka wanajichukia, au wakisema yote siku moja kwa hasira na kuhama na begi mkononi. Wote wangeweza kuepuka.

Namna yangu inasimama juu ya jambo moja. Familia inakudai, na imani inakudai, lakini hayo ni madeni mawili. Familia inadai uwepo wako, mikono yako, pesa yako ukiwa nayo, na heshima mbele ya watu. Deni hilo lilipe lote, ulipe hata kabla hujadaiwa. Imani inakudai neno moja tu, kwamba unasadiki. Neno hilo kama halimo moyoni usilitoe, hata mama akilia. Shida nyingi za nyumbani zinatokea pale kijana anapochanganya madeni haya: anakataa kufika matangani kwa sababu hasali, au anapokea komunyo kwa sababu anampenda mama yake.

Kwanza, jua unachokikataa

Usiseme lolote kabla hujauliza maswali. Kaa na mzazi wako, au vizuri zaidi na nkambo wako (bibi au babu) kama yuko hai, umwulize imani ilimfikia vipi na ilimfanyia nini. Uliza kama mtu anayetaka kujua, na usitafute mahali pa kumnasa.

Nilipomwuliza nkambo, mzaa mama, alinirudisha Kolwezi ya miaka ya 1950. Mumewe alikuwa kibarua wa mgodi, na wakati ule Mfransisko mmoja Mbelgiji, Placide Tempels, ambaye watu walimwita Baba Placide, alikuwa amekusanya wachimbaji na wake zao katika mwendo ulioitwa Jamaa. Walifundishana kwa Kiswahili, juu ya uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke walikaa pamoja wakizungumza mawazo yao wazi. Nkambo aliniambia kwamba kabla ya Jamaa mumewe hakuwahi kumwuliza anafikiri nini. Hakuwahi, hata mara moja. Baada ya mafundisho akaanza kumwuliza.

Ukishasikia jambo kama hilo, huwezi tena kusema kwamba dini ni ujinga wa watu wasiosoma. Nilibaki bila imani, lakini nilijua ni kitu gani kilichokaa mezani kwetu muda wote huo. Ilikuwa ndoa ya nkambo. Baadaye niliuliza pia upande wa baba, nikajua kwamba alipoachishwa kazi ya mgodi 2003, watu wa shirika la mtaa, Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, ndio waliokuja na unga kila juma, na hakuna aliyewatuma. Baba akisema "Bwana hakutuacha", anawaona watu wale kwa sura zao. Ukimjibu juu ya nyota na mabilioni ya miaka, humjibu yeye.

Kwa sababu hiyohiyo, nakuomba uache hoja ya "dini ililetwa na Wazungu." Kweli, Wabenediktini walifika Katanga mwaka 1910, mwaka uleule mji huu ulipoanzishwa, na waliingia pamoja na serikali ya kikoloni na kampuni ya migodi. Historia hiyo isome, ni ya kwako. Lakini ukimtupia mama hoja hiyo, unamwambia kwamba maisha yake yote amefikiriwa na watu wengine. Mama hakufikiriwa na mtu.

Na siku watakapokugeuzia hoja hiyo, wakisema kutosadiki ndiko mambo ya Wazungu, una jibu la heshima. V. Y. Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941, akaingia kwa Wabenediktini akiwa kijana, akaiacha njia ile, akawa mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa Afrika, na alifundisha hapahapa Lubumbashi kabla ya kwenda Marekani. Amefariki 2025. Mtu anaweza kutoka katika njia ya imani akabaki mwana wa Katanga. Liseme taratibu, kisha nyamaza.

Kumwambia baba

Mwambie mwenyewe, kwa mdomo, mkiwa wawili. Usipeleke ujumbe kwenye Wasapu ya familia. Usiseme wakati wa sikukuu wala mbele ya wageni wala siku kuna mgonjwa ndani. Usianze na shangazi ukitumaini atakusaidia, kwa sababu baba akisikia kwamba dada yake alijua kabla yake, atalia juu ya hilo na kuisahau imani yenyewe. Kama katika nyumba yenu mama ndiye mwenye masikio, anza na mama, lakini mwombe asimfikishie baba: utafika mwenyewe, siku hiyohiyo au kesho yake.

Chagua saa ambayo mikono ya mzazi ina kazi ndogo. Mtu anayefanya kazi ndogo anapata mahali pa kutazama. Mimi nilimfuata baba uani jioni, umeme umekatika, anawasha mbabula, jiko la makaa. Nikachukua kipepeo mkononi mwake nikaanza kupepea makaa.

"Baba, nina neno. Ni langu mwenyewe, hakuna aliyenituma."

"Una mimba?"

"Hapana, baba."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Ni juu ya kusali. Sisadiki tena kama unavyosadiki wewe. Nimetafuta kwa nguvu zangu zote, sikuona. Sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine."

Akanyamaza mpaka makaa yakashika. Kisha akaniita kama anavyoniita tangu utoto, kwa sababu nina jina la mama yake: "Mama, na watu nitawaambia nini?"

Shika swali hilo, kwa maana karibu wazazi wote wataliuliza, na kijana asiyelitarajia huliona kama udhaifu. "Kumbe unajali watu kuliko ukweli!" Hapana. Baba ni mzee wa shirika la mtaa, anaamua magomvi ya wenzake, anasimama kwenye ndoa za watoto wa jirani. Heshima hiyo aliijenga akiwa hana kazi wala pesa, ndiyo mali aliyo nayo. Swali lake ni la haki kabisa, nawe uwe umeandaa jibu. La kwangu lilikuwa hili: "Huna la kuwaambia, baba. Sitasimama mahali popote kutangaza. Mtu akikuuliza, mwambie aniulize mimi, nami nitamjibu kwa adabu."

Ahadi hiyo ni nzito, lakini ina mipaka. Niliahidi kutotangaza. Sikuahidi kudanganya nikiulizwa. Tofauti hiyo mwekee wazi palepale, asije siku moja akaona umemgeuka.

Mwishoni aliniambia ataendelea kuniombea. Nikasema, "Asante, baba." Ukiambiwa hivyo sema asante, na usiongeze neno. Mtu anayekuombea anatumia kwa ajili yako kitu kikubwa kuliko vyote alivyo navyo.

Jumapili na sala za jioni

Hapa weka utaratibu, uujulishe, halafu usiubadilishe kila juma kufuatana na hasira zako. Wangu ni kwamba namsindikiza mama Krismasi, Pasaka, na misa ya marehemu tarehe 2 Novemba. Jumapili nyingine nabaki nyumbani, lakini sibaki kitandani. Wakirudi, chakula kiko tayari, bukari (ugali) imesongwa, maji yamechotwa. Nyumba iliyorudi kutoka misa ya saa mbili ikakuta mtoto asiyesali bado amelala na vyombo vichafu, itasema ni shetani, nami siwezi kuilaumu.

Ukiwa ndani ya kanisa, kaa wanapokaa, simama wanaposimama. Hiyo ni adabu ya mgeni katika nyumba ya watu. Mahali wanaposali kwa kanuni ya misa ya nchi ya Kongo, ile iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, mababu wenye moyo mwema wanaitwa mwanzoni pamoja na watakatifu. Mimi pale nawataja wangu kwa majina, kimoyomoyo, na sijioni mwongo, kwa sababu walikuwepo na nawakumbuka. Ikifika Nasadiki, sala ya kuungama imani, baada ya mahubiri, nafunga mdomo. Sifungi kwa kujionyesha, macho juu na mikono kifuani. Natazama chini tu, nanyamaza.

Komunyo usipokee. Juu ya hili mama anaweza kukubembeleza sana, kwa sababu watu wa benchi lenu watakuona umebaki umekaa. Mweleze kwamba Kanisa lenyewe linamtaka mtu ajichunguze kabla ya kupokea, na kwamba kubaki kwenye benchi kunaheshimu altare yake kuliko kwenda mbele na ulimi wa uongo. Mama yangu alilielewa hilo haraka kuliko nilivyodhani. Waamini wa kweli wanachukia kufuru kuliko wanavyochukia mashaka.

Rozari ya jioni, Mei na Oktoba, kaa nao. Ukiombwa kusoma somo, soma vizuri kwa sauti, maana kusoma ni kusoma. Ukiombwa kuongoza sala, mpe mwingine kwa heshima: "Mezani kwa baba, baba ndiye anasali." Sentensi hii nimeitumia hata mbele ya padri mgeni, na kila mtu aliona nimemheshimu baba, kwa sababu kweli nilimheshimu.

Michango ya kanisa, nampa baba pesa mkononi bila kuuliza inaenda wapi. Basi.

Wakikutaka uwe mama au baba wa ubatizo

Mdogo wako anapata mtoto wa kwanza, anakuja na soda na uso wa furaha, anataka wewe. Hapa vijana wengi wanakubali kwa aibu. Nakusihi ukatae, na ukatae mapema, kabla jina lako halijaandikwa parokiani, kwa sababu kujitoa baadaye kunamvunjia mdogo wako heshima mbele ya wakwe.

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 874, inataka msimamizi wa ubatizo awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepata kipaimara na ekaristi, na aishi maisha yanayolingana na imani na kazi hiyo. Wewe sharti la mwisho huna. Siku ya ubatizo ungejibu mbele ya mtoto kwamba unasadiki, na mtoto huyo atakua.

Ukimkatalia mdogo wako, mpe kitu kingine papo hapo, kikubwa kuliko ulichomnyima. Mimi nilimwambia: "Kazi hiyo siiwezi kwa haki. Lakini nguo za siku hiyo ni zangu, na karo ya shule ya mwaka wake wa kwanza ni yangu, na usiku wowote akiugua unipigie mimi kwanza." Kisha timiza. Usipotimiza, kukataa kwako kutabaki kukataa tu.

Matanga

Nimeiweka sehemu hii peke yake kwa sababu hapa ndipo ukoo unapompima mtu. Watasamehe Jumapili zako zote. Hawatasahau kilio ambacho hukuonekana.

Ukipata habari ya kifo, nenda siku hiyo. Usingoje siku ya mazishi kuja na miwani myeusi. Peleka mchango wako kwa anayeshika daftari, jina liandikwe chini ya jina la baba yako. Kisha vaa kitenge cha kazi uingie jikoni, au kama wewe ni mwanaume, uliza viti vinatoka wapi, nani anaenda mochari, nani anafuatilia karatasi za makaburini. Usiku, lala kwenye mkeka pamoja na wenzako. Wataimba nyimbo za kanisa mpaka asubuhi. Waimbie kama unazijua. Mimi nimezijua tangu utoto na naziimba, kwa sababu usiku wa matanga wimbo unambeba mfiwa hadi kupambazuke, na sauti yangu ni moja ya zile zinazombeba. Mwenzangu mmoja asiyesadiki aliniambia huo ni unafiki. Nimelifikiria neno lake, sikukubaliana naye. Nasadiki ni tamko langu mimi, nikilisema nimeapa. Wimbo wa usiku ule ni wa mfiwa.

Mashaka yako usiyatoe pale. Usimsahihishe mtu anayesema marehemu yuko na malaika. Usimweleze mama aliyefiwa na mtoto kwamba dawa ingemwokoa, hata kama ni kweli, hata kama wewe ni daktari. Jambo hilo lina siku yake, na siku hiyo utazungumza na walio hai walio hatarini.

Na wewe mwenyewe useme nini? Watu wanadhani asiyesadiki hana la kusema kwa mfiwa. Anayo mengi. Sema ulichokiona. Alipofariki jirani yetu, mama aliyeuza bitoyo (samaki wakavu wa chumvi) kona ya barabara, nilimshika binti yake mkono nikamwambia: "Mama yako alinikopesha samaki mwaka mzima nilipokuwa chuo, wala hakuandika popote. Aliniambia nitalipa siku nitakapopata kazi. Nililipa, akakataa nusu." Binti alilia, kisha akacheka, kisha akaniomba niwasimulie wengine. Hakuna neno lolote la mbinguni ndani yake, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Kwa hiyo kabla hujafika, keti dakika chache ukumbuke kitu kimoja cha kweli ambacho marehemu alikifanya ukikiona. Kimoja kinatosha. Maneno ya "pole sana, ni mapenzi ya Mungu" waachie wanaoyasadiki.

Mzazi wako mwenyewe akifa, mzike kwa imani yake yote: padri, misa, sala, msalaba wa kaburini kama alivyotaka. Mwulize akiwa hai, na andika. Mazishi ni yake. Usidhubutu kuyafanya yako.

Ndoa

Mchumba ajue kabla mahari haijaanza kuzungumzwa, kabla wazee hawajapanda basi. Baada ya hapo siyo siri yako tena, ni aibu ya koo mbili.

Kwa sheria ya nchi, Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, ndoa inadai mahari kati ya familia mbili, na inaandikishwa kwa ofisa wa hali ya raia, anayeandikisha vizazi na ndoa, kwenye komine, ofisi ya serikali ya mtaa. Kanisa si sharti. Kwa hiyo ukiwa huamini unaweza kuolewa kihalali, na mahari ya heshima, wazee wakiwa wamekaa mbele. Ila mchumba wako Mkatoliki akitaka misa, usikimbie kuahidi wala kukataa. Nendeni wote wawili kwa padri mapema, mumwambie hali ilivyo. Mtu aliyebatizwa ambaye ameiacha imani wazi anaweza kuoana na Mkatoliki kanisani kwa ruhusa ya askofu, na yule anayesadiki anaahidi kuilinda imani yake na kufanya awezalo watoto wabatizwe Kikatoliki. Ahadi hiyo ni yake, lakini wewe unaarifiwa, na nyumba ni yenu wote. Kama huwezi kuishi na ahadi hiyo, sema sasa.

Msichana asiyesali ataambiwa hatapata mume. Nimeambiwa na mashangazi wote. Wasikilize, wapikie chai. Maisha ni yako.

Pale ambapo heshima haikufungi mdomo

Yote niliyosema yanahusu imani inayowafariji watu. Kuna siku nyumbani itaingia nyingine, yenye pasta anayemwonyesha mtoto kidole na kusema ni mulozi, mchawi. Kawaida ni mtoto yatima, mtoto wa kambo, au anayekojoa kitandani, au mwenye kifafa. Baba amepoteza kazi, mtoto mchanga amekufa, mtu anatafuta sababu.

Siku hiyo acha utaratibu wote. Mtoe mtoto kwanza, mpeleke kwa ndugu unayemwamini, usiku uleule, kabla hawajaanza kumfungisha chakula au kumpiga wakisema wanamwombea. Kubishana kama uchawi upo au haupo kunaweza kungoja. Kisha waambie wakubwa, bila kupaza sauti, kwamba sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu mtu anayemshtaki mtoto kwa uchawi kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3 pamoja na faini, na kwamba kuna mahakama ya watoto inayosikiliza mambo hayo. Katika familia yetu pana, mtoto alipotajwa, baba ndiye aliyesimama nami. Tulienda kwa padri pamoja, naye akaja kuzungumza na wazee. Nakuambia hivi ili usidhani uko peke yako kwa sababu husadiki: waamini wenye akili timamu wanachukia jambo hilo kama wewe, na wanasikilizwa kuliko wewe. Waite.

Vivyo hivyo kwa mgonjwa anayeambiwa ameshapona aache dawa. Mwenye kisukari anayeishi kwa insulini akiiacha anaweza kufa katika siku chache. Usimwambie aache sala. Mwambie sala na sindano viende pamoja, umshike mkono, umchome sindano ukiwa umekaa naye akisali. Mtu mgonjwa akilazimishwa kuchagua kati ya Mungu na daktari, usidhani atakuchagulia daktari.

Kiburi

Mimi ni mtu wa kiburi na ninakipenda kiburi changu. Ndicho kinachonizuia kusema uongo altareni. Lakini kikiachiwa kazi nyingine kinataka kushinda kila mjadala, kinataka mama akiri kwamba nilikuwa sahihi. Kwa hiyo nimekiwekea mipaka. Sibishani mbele ya wadogo zangu. Sibishani na mtu aliye na msiba, mgonjwa au njaa. Sicheki sala ya mtu, hata ya pasta wa mtaani anayepiga kelele usiku kucha. Na simfundishi mdogo wangu kutosadiki. Akiniuliza, namwambia ninachofikiri, namwambia na nkambo anachofikiri, namwacha atafute. Mdogo wangu wa tatu anatumikia altareni, na kanzu yake naipiga pasi mimi.

Katiba ya nchi, kifungu cha 22, inakupa uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Ujue uhuru huo, lakini baba usimsomee. Weka kwa siku ambayo mtu wa nje atataka kukufukuza kazi au shule.

Ikibidi kuhama

Pengine umefanya yote na nyumba bado inawaka moto kila Jumapili. Basi panga chumba, lakini ondoka kwa kuaga. Mwambie baba kabla hujampa mwenye nyumba garanti, pesa ya dhamana. Kwa nyumba ya kuishi, sheria ya 2015 inakataza garanti kupita miezi 3 ya kodi, kwa hiyo akikudai sita, mkumbushe au tafuta kwingine. Kama wewe ni msichana, mwombe baba au kaka yako aende nawe kumwona mwenye nyumba na kukagua parseli: majirani wataona umetolewa na wazazi wako, hukutoroka, na baba atakuwa na jibu mitaani. Chukua chumba karibu, mwendo wa mguu. Peleka unga siku ya mshahara, rudi Jumamosi kusaidia kufua, na michango ya ukoo iendelee kupita mkononi mwa baba kama zamani, usimpelekee mjomba moja kwa moja.